Ngong, Loiyangalani au Bahari ya Kaskazini? Kazi tatu za fundi wa mitambo ya upepo zikipimwa kwa usalama

Kijana aliyemaliza diploma ya umeme au mekanika Kabete au chuo kingine chochote jijini, akitaka kazi ya mitambo ya upepo, ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni mashamba ya upepo yaliyo karibu na Nairobi: Ngong, ambako kampuni ya umeme ya KenGen ina mitambo ya jumla ya megawati 25.5, na Kipeto kule Esilanke, Kajiado, yenye mitambo 60 na megawati 100. Ya pili ni Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, penye mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power inayotoa megawati 310. Ya tatu ni ng'ambo na ni baharini: Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na nchi za Denmark, Ujerumani na Uholanzi. Huko Ulaya mitambo imesimikwa majini tangu Denmark ilipojenga shamba la Vindeby mwaka 1991. Kenya haina mtambo wa upepo baharini, kwa hiyo njia hiyo ya tatu lazima uifuate kwa pasipoti.

Mazungumzo mengi kuhusu kazi hizi huanza na kuishia kwenye mshahara. Pesa ina uzito wake na kila mtu anajua mahitaji ya kwao. Mimi hapa napima usalama na afya peke yake, kwa sababu ndilo jambo ambalo mwajiri hatakueleza usipouliza, na ambalo ajenti hataligusa kabisa.

Vipimo vitano

Nitatumia vipimo vilevile kwa njia zote tatu: safari ya kufika kwenye mnara, hatari za kazi kule juu, uokoaji, yaani ukiumia nani anakushusha na unamwona daktari baada ya muda gani, kazi inaufanya nini mwili na akili yako kwa miaka, na mwisho, sheria na fidia. Vipimo hivi havilingani kwa uzito. Cha tatu nakiona kizito kuliko vingine vyote, kwa hiyo nitakaa nacho zaidi.

Safari ya kufika kazini

Karibu na Nairobi, hatari ya safari ni barabara, basi. Unatoka nyumbani alfajiri, unapanda gari la kampuni au matatu, unarudi jioni. Ngong ina ukungu mzito baadhi ya asubuhi, na barabara za changarawe za Kajiado huteleza mvua ikinyesha. Uliza kama gari la kampuni lina mikanda kwenye viti vyote na kama dereva hupumzika. Fundi aliyepanda nyuma ya pikapu pamoja na vifaa yuko hatarini hata kabla ya kuvaa hanesi, ile mikanda ya mwili inayomshikilia anayepanda.

Loiyangalani, barabara ndiyo hatari ambayo watu hawaihesabu. Mradi ulilazimika kukarabati kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis hadi eneo la mitambo ili vifaa viweze kufika. Ukishafika, mitambo 365 imetapakaa kwenye eneo kubwa, na kila siku unaendeshwa kati ya mmoja na mwingine kwenye vumbi na mawe. Hapo usalama unapimwa kwa mambo ambayo hayana umeme wala urefu ndani yake: je, kuna kikomo cha mwendo kinachofuatiliwa na kifaa ndani ya gari? Je, kusafiri usiku kumepigwa marufuku? Je, kila gari lina redio au simu ya setilaiti?

Baharini, safari yenyewe ni sehemu ya kazi hatari, na unaifundishwa kabla ya kupanda chombo chochote. Kuna njia tatu za kumfikisha fundi kwenye mtambo. Boti ndogo ya wafanyakazi hutoka bandarini asubuhi, husukuma pua yake dhidi ya mabomba ya mtambo, na fundi huvuka kwenda kwenye ngazi huku boti ikipanda na kushuka na maji. Kwa kawaida kazi hiyo husitishwa mawimbi yakifika mita 1.5 hivi. Njia ya pili ni meli kubwa ya huduma ambamo mafundi hulala. Ina daraja linalojirekebisha lenyewe meli ikiyumba, kwa hiyo mtu huvuka kwa kutembea hata mawimbi yakizidi mita 2. Ya tatu ni helikopta, ambayo humshusha fundi kwa winchi juu ya mtambo.

Nikilinganisha hizo tatu, daraja ni afadhali kwa mbali kuliko kurukia ngazi. Linaondoa ule mguu mmoja ulio hewani kati ya boti na chuma. Ukiitwa kazi ya baharini, swali la kwanza liwe hilo: tunavuka kwa njia gani?

Hatari za kule juu

Hapa njia tatu zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Kuanguka, umeme, sehemu zinazozunguka, kitu kuponyoka mkononi na kumpiga aliye chini, na moto: hatari hizi tano ziko Ngong na ziko Bahari ya Kaskazini. Kinga zake zinafanana pia. Hanesi iliyokaguliwa na yenye tarehe. Kamba mbili, moja isifunguliwe kabla ya nyingine kushika. Swichi iliyofungwa kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo mfukoni mwako, na kibandiko chenye jina lako. Pini ya kuzuia mapanga yasizunguke kabla hujaingia kwenye kitovu, pale mapanga yanapokutana.

Moto uchukuliwe kwa uzito. Oktoba 2013, huko Ooltgensplaat, Uholanzi, mafundi wanne walikuwa juu ya mtambo wa nchi kavu moto ulipozuka. Wawili walishuka, wawili walikatiwa njia na wakafa. Walikuwa vijana wa miaka 19 na 21. Tangu nisome habari hiyo siwezi kumwona mtu akipanda bila kifaa cha kujishusha kwa kamba nikanyamaza. Kifaa hicho kiwe juu pamoja nanyi, kwenye chumba cha jenereta. Kikiachwa garini hakina kazi.

Tofauti zipo pia. Ngong ni mahali pa watu. Familia hupanda vilima hivyo kutembea wikendi, na wachungaji hupitisha mifugo chini ya minara. Spana iliyoponyoka juu inaweza kumwangukia mtoto wa mtu. Uzio wa muda na mlinzi chini ni lazima, na kila kifaa kifungwe kwa kamba yake. Mvua za radi nazo zina kanuni moja: tahadhari ikitolewa, mnashuka, hata kama bolti imebaki moja.

Loiyangalani ina joto na upepo wa aina yake. Upepo wa ukanda wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku hadi asubuhi, na hulegea mchana. Kwa hiyo saa zenye utulivu wa kupanda ndizo saa za jua kali, na kile chumba cha juu kikikaa kwenye jua hugeuka tanuri. Mtu anayetoka jasho hivyo huchoka, hukosa umakini, na mkono ukikosa umakini karibu na volti 690 hakuna nafasi ya pili. Maji, chumvi, mapumziko ya kivulini, na wiki ya kwanza ya kuzoea kabla ya kupewa kazi nzito: haya yaandikwe kwenye ratiba ya kazi, yasiachwe kwa hiari ya msimamizi.

Baharini kila kitu ni kikubwa zaidi. Mitambo ya Dogger Bank, shamba la Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, ina mapanga yenye urefu wa mita 107 kila moja, wakati ile ya Loiyangalani kitovu chake kiko mita 44 tu kutoka ardhini. Mitambo mikubwa ina lifti ndani, jambo linaloyaokoa magoti, ila vipuri vyake ni vizito na vinanyanyuliwa kwa krini juu ya meli inayoyumba. Kisha kuna nguzo ya msingi iliyofungika chini: hewa humo inaweza kukosa oksijeni au kuwa na gesi ya sumu inayotengenezwa na bakteria kwenye maji yaliyotuama. Hakuna anayeingia bila kipima gesi na kibali cha kazi.

Uokoaji: dakika zako ni ngapi?

Mtu akizimia akiwa ananing'inia kwenye hanesi, damu hukusanyika miguuni na moyo hukosa ya kusukuma. Anaweza kufa ndani ya muda usiofika nusu saa, bila jeraha lolote la nje. Kwa hiyo pote, iwe Kajiado au Yorkshire kule Uingereza, waokoaji wa kwanza ni wenzako mliopanda nao. Ambulensi haipandi ngazi. Timu ambayo haijawahi kufanya zoezi la kumshusha mtu haina mpango wa uokoaji, hata kama karatasi zake zimepigwa mihuri. Uliza: zoezi la mwisho lilifanyika lini, na nani alishushwa?

Baada ya kufika chini ndipo njia tatu zinapoachana kabisa.

Ngong ina faida kubwa. Kuna hospitali mjini Ngong kwenyewe, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali nyingine kubwa ziko upande huu huu wa jiji. Adui ni msongamano wa magari saa za jioni. Kipeto ni mbali kidogo zaidi, lakini bado ni suala la saa, halijawa suala la ndege. Kwa mtu mwenye kisukari, pumu au presha inayodhibitiwa kwa dawa, ukaribu huu unaweza kuamua kila kitu.

Loiyangalani, mgonjwa mahututi anahitaji ndege. Madaktari wa ndege wa AMREF wanatoka uwanja wa Wilson hapa Nairobi, na huduma yao imeokoa watu wengi wa kaskazini. Lakini ndege lazima iitwe, iruke, itue, na irudi. Muda huo wote mgonjwa anaishi kwa ujuzi wa aliyeko kambini. Maswali yake ni haya: kuna kliniki yenye ofisa wa tiba saa 24? Mna damu au maji ya mshipani ya kutosha kumtunza aliyevuja damu? Uwanja mdogo wa ndege unaweza kutumika usiku? Dawa ya sumu ya nyoka iko kwenye friji? Mwajiri mzuri hujibu bila kupepesa, na ataona umeuliza maswali ya mtu mzima.

Baharini kuna mpangilio wa uokoaji ulioandikwa kwa kina kuliko kwingine kote, na mazingira yasiyosamehe kuliko kwingine kote. Dogger Bank iko kilomita 130 hivi kutoka pwani ya Yorkshire. Helikopta ya uokoaji ipo, lakini ukungu na dhoruba zipo pia, na hali ya hewa ikifunga mtabaki na mhudumu wa tiba wa meli. Halafu kuna maji yenyewe. Kwa sisi tuliozoea Bahari ya Hindi, ni vigumu kuelewa maji ya nyuzi 6 za Februari. Wanaofundisha hatari hii husema dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kwani mwili hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, na ukiwa chini ya maji unavuta maji. Dakika 10 ndizo vidole na mikono itakazokutii. Saa moja hivi ndiyo kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Ndiyo maana suti ya kuzuia maji na jaketi okozi havivuliwi wakati wa kuvuka, hata siku ya jua.

Mafunzo yanafuata hatari hiyo. Shirika la Global Wind Organisation, lililoanzishwa mwaka 2012, limeweka mafunzo ya msingi yanayotambuliwa na kampuni nyingi duniani: huduma ya kwanza, kunyanyua mizigo kwa mikono, moto, kazi za juu, na kwa wa baharini, kujiokoa majini. Cheti hudumu miezi 24. Anayesafiri kwa helikopta huongeza zoezi la kutoka ndani ya kielelezo cha helikopta kilichopinduliwa kwenye bwawa. Kama hujui kuogelea, anza leo kwenye bwawa lolote la mtaani. Hofu ya maji haitoki kwa siku mbili za kozi.

Mwili na akili, mwaka hadi mwaka

Ajali huonekana. Magoti yaliyokwisha hayaonekani. Kupanda ngazi ya wima kila siku na mkoba mgongoni hula mabega na magoti, na mitambo midogo isiyo na lifti, kama mingi ya kizazi cha megawati 0.85 ambacho kiko Loiyangalani, inadai zaidi hapo. Wanaotengeneza mapanga wana tatizo jingine, epoksi, ile gundi ya kemikali wanayoitumia: ngozi ikishaanza kuikataa, tone dogo linatosha kuamsha upele, na mtu hulazimika kuacha kazi hiyo. Glavu za aina sahihi zinagharimu kidogo sana ukilinganisha na hilo.

Kwa usingizi na familia, Ngong na Kipeto zinashinda wazi. Loiyangalani unaishi kambini kwa zamu, mbali na mke, mume, watoto, kanisa au msikiti wako. Upweke huo ni hatari ya kazini sawa na nyingine, na mtu asiyelala vizuri hufunga hanesi vibaya. Baharini zamu ya wiki mbili ndani na wiki mbili nje ni ya kawaida kwenye meli za huduma, kila siku saa 12, na kichefuchefu cha bahari juu yake. Aliyetapika njia nzima asipande ngazi asubuhi hiyo, na timu nzuri humwachia abaki bila kumcheka. Simu na intaneti kwenye meli si anasa. Ziulizie.

Sheria na fidia

Hapa nyumbani, mizani inaegemea upande wako kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakuruhusu kutoka mahali penye hatari ya karibu na kubwa, ukishamweleza msimamizi, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza wala kukuadhibu kwa hilo. Sehemu yenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwe na kamati ya usalama. Sheria ya fidia ya 2007, ile tunayoiita WIBA, inamtaka mwajiri akukatie bima, alipe matibabu, na kwa ulemavu wa kudumu au kifo fidia hupigwa hesabu kwa mapato ya miezi 96. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Hatua za kwanza ni ripoti ya ajali na fomu ya DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, kwa hiyo usikubali "tutamalizana hapa ofisini". Loiyangalani na Ngong ziko sawa kisheria. Shida ni kwa vibarua wa wakandarasi wadogo, ambao mara nyingi hawana barua ya kazi mkononi. Bila barua, WIBA inakuwa vita vya kuthibitisha kwamba ulikuwepo.

Baharini, ulinzi ni mkubwa, ila inategemea karatasi inakuita nani. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unawalinda mabaharia, pamoja na mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa kila saa 24. Fundi wa mtambo aliye melini kwa kawaida hahesabiwi baharia. Tangu Julai 2024 kuna kanuni ya kimataifa ya usalama kwa wafanyakazi wa viwandani wanaobebwa na meli, inayodai wawe wamepimwa afya na kufundishwa, lakini fidia yako inabaki kwenye mkataba wako na sheria ya nchi husika. Kwa hiyo mkataba useme wazi: sheria ya nchi gani, bima ya nani, na nani analipa ndege ya kukurudisha ukiumia. Jambo zuri la sekta hiyo ni uwazi. Shirika la G+ la usalama wa upepo wa baharini hukusanya ajali za kampuni wanachama na kuzichapisha kila mwaka, ili kosa la mmoja liwafunze wote. Natamani sana kuona mashamba ya hapa kwetu yakifanya hivyo kwa pamoja.

Ukiwa katika hali hii, fikiria hivi

Kama hujawahi kupanda mnara, anzia Ngong au Kipeto, chini ya fundi mkuu anayekusimamia. Makosa ya mwanzo yanahitaji hospitali karibu.

Kama una ugonjwa wa kudumu, au unamlea mzazi mgonjwa, au una mtoto mchanga, ukaribu wa nyumbani una thamani ambayo alawansi ya kambini hailipi. Usimfiche daktari wa kampuni hali yako. Atakupangia kazi za chini au za karakana.

Kama una afya imara, unavumilia joto na ukimya, na unataka kukutana na kila aina ya hitilafu, Loiyangalani itakufundisha mengi, kwa sharti kwamba maswali ya kliniki, ndege na magari yamejibiwa kabla ya kutia sahihi.

Kama tayari una uzoefu wa mitambo, unaogelea, hupati kichefuchefu kirahisi, na familia yako inakubali zamu za wiki, bahari inafaa, hasa kazi za meli zenye daraja. Kwa wa kuogopa maji au wenye mgongo ulioumia zamani, sishauri.

Na kama kazi ya baharini imekujia kupitia ajenti wa jijini, hakiki kwanza kwamba yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ruhusa maalumu ya Uingereza iliyowawezesha wageni kuhudumia mashamba ya upepo katika maji yake bila viza ya kazi ilikoma Aprili 2023, kwa hiyo anayekuambia "viza haihitajiki, utaingia kama baharia" anakupeleka mahali ambapo ukiumia hutakuwa na pa kudai. Mwombe jina la kampuni, jina la shamba, aina ya chombo na nakala ya bima. Asipotoa yote manne, endelea kutafuta kwingine.